Darasa Zima, Programu Moja

Ziko kazi ambazo nguvu zake huongezeka kadiri watu wanavyoongezeka, kama kuvuta jahazi pwani au kupalilia shamba. Na ziko nyingine ambazo kila anayeongezwa huleta mikono miwili ya kufanyia kazi pamoja na masikio mawili yanayotaka kuelezwa kila lililokwisha kuamuliwa kabla yeye hajafika. Uandishi wa programu kubwa za kompyuta umo katika fungu hili la pili. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM na kuasisi idara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha North Carolina, aliandika mwaka 1975, katika kitabu chake The Mythical Man-Month, kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiongezewa watu huzidi kuchelewa. Hesabu yake ni ya wazi: watu 4 wana njia 6 za kuzungumza wawili wawili, watu 10 wana njia 45, na watu 40 wana njia 780. Kwa hiyo mwalimu wa chuo kikuu anayewakusanya wanafunzi 40 na kuwaamuru waandike programu moja huwa amefungua njia 780 za kusikilizana na za kuhitilafiana, ilhali muhula wake, kwa kawaida ya vyuo vya Marekani, hauzidi sana majuma 15.

Aghalabu walimu wameikimbia taabu hiyo kwa kumpa kila mwanafunzi zoezi lake, dogo, lenye jibu linalojulikana, ambalo huandikwa kwa juma moja, husahihishwa kwa usiku mmoja, kisha hutupwa. Njia hiyo inafundisha lugha ya kompyuta, wala sina nia ya kuidharau. Lakini mhitimu wake huingia kazini akiwa hajawahi kurekebisha mstari ulioandikwa na mwenziwe aliyekwisha ondoka, wala hajawahi kumsikiliza mteja akibadili shauri lake katikati ya safari. Upungufu huu haukujulikana jana. Mwezi Oktoba 1968 mabingwa wa kompyuta walikutana Garmisch, kusini mwa Ujerumani, chini ya udhamini wa NATO, kujadili kwa nini programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikipita bajeti na kujaa makosa. Na ni mkutano huo uliolieneza jina la uhandisi wa programu. Katika Chuo Kikuu cha Toronto, Horning na Wortman walieleza mwaka 1977 mchezo walioubuni kwa wanafunzi wao, ambamo kazi ya kundi moja iliuzwa kwa kundi jingine, na mnunuzi akalazimika kuirekebisha na kuishi nayo. Ulikuwa mchezo, lakini ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa mwanafunzi aliyenunua programu isiyosomeka hakuhitaji tena kuhubiriwa kwamba maelezo ni sehemu ya kazi.

Aliyeondoa mchezo na kuleta kazi yenyewe, kwa kadiri ninavyoipima historia hii, ni Bernd Bruegge, aliyefundisha uhandisi wa programu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, katika miaka ya 1990. Tadbiri yake ilikuwa darasa zima lifanye mradi mmoja, kwa ajili ya mteja wa kweli aliyekuwa nje ya darasa na mwenye haja ya kweli, na mwisho wa muhula mfumo uletwe mbele ya mteja huyo aukubali au aukatae. Mojawapo ya mifumo iliyotengenezwa hivyo iliitwa FRIEND, nayo ilikusudiwa kuwasaidia polisi na zimamoto kupashana habari wakati wa ajali na majanga. Katika kitabu cha mafunzo ambacho Bruegge alikiandika pamoja na Allen Dutoit, kisa kimoja cha mfumo huo kimehifadhiwa: askari yumo katika gari la doria, anaona moshi ukitoka ghalani, mwenziwe anatoa taarifa kwa kituo, na msomaji anaonyeshwa hatua kwa hatua nani anapata habari gani na anajibu nini. Ukimwuliza mkuu wa polisi programu yake ifanye nini, atakujibu maneno makubwa yasiyopimika. Ukimwomba akusimulie moto mmoja uliotokea, utapata mahitaji yote ya mfumo katika masimulizi yake, na wanafunzi watayaelewa bila mkalimani.

Sasa turudi kwenye zile njia 780. Lililofanywa ni kuligawa darasa katika vikosi, kila kikosi na sehemu yake ya mfumo, na kuweka wajumbe wa kuviunganisha. Chukua mfano wa vikosi vitano vya watu wanane wanane: ndani ya kila kikosi mna njia 28, kwa hiyo vyote vitano vina 140, na wajumbe watano wa kuviunganisha wana njia 10 baina yao, jumla ni 150, chini ya moja ya tano ya tuliyoanza nayo. Lakini hesabu hii njema ina sharti zito ndani yake. Melvin Conway alikwisha kuonya mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la jamii iliyoutengeneza, na maana yake kwa mwalimu ni hii: siku anapowagawa wanafunzi ndiyo siku anapouchora mfumo, apende asipende. Wanafunzi bado hawajaijua kazi, nao hawawezi kungoja majuma sita wapate kuijua ndipo wagawanywe. Basi sharti mwalimu awe ameandaa, kabla ya muhula kufunguliwa, mchoro wa awali wa mfumo na sehemu zake kuu, akaunda vikosi juu ya mchoro huo, na akawa tayari kuubadili pindi wanafunzi watakapoonyesha kasoro zake. Hapa ndipo jasho la mwalimu linapomwagika, katika miezi ambayo hakuna mwanafunzi anayemwona, na naamini ndiyo sababu vyuo vingi vilivyoiga umbo la nje la somo hili havikupata matunda yake.

Fauka ya vikosi vya sehemu za mfumo palikuwa na vikosi vilivyokata katikati ya vingine: kikosi cha usanifu, ambacho wajumbe wake walitoka katika kila kikosi na kazi yake ilikuwa kuilinda mipaka baina ya sehemu, kadhalika kikosi cha maandiko, na cha kutunza matoleo ya programu. Mjumbe wa usanifu alikuwa na mabwana wawili, na huu ni mushkili wa makusudi. Akirudi kikosini kwake na habari kwamba mpaka umehama, wenziwe humlaumu kwa kazi waliyoipoteza. Akinyamaza, sehemu zao hazitaungana siku ya mwisho. Katika kazi za watu wazima mizozo mingi ni ya namna hiyo, na ni heri kijana akutane nayo mahali ambapo hasara yake ni usiku wa kazi wala si riziki ya nyumba.

Lakini lililo bora kuliko yote katika tadbiri hii ni jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni mkutano wa kila juma. Mwanafunzi wa kompyuta huambiwa mara nyingi ashirikiane na wenziwe, akaachwa hapo, kana kwamba kushirikiana ni tabia ya kuzaliwa. Pittsburgh walifundisha kushirikiana kama ufundi. Mkutano ulikuwa na ajenda iliyoandikwa kabla: kusudi la mkutano, hali ya kazi, mambo ya kujadiliwa, na muhtasari wa mwisho. Ulikuwa na mwenyekiti, mtunza saa na katibu, na katibu hakuandika hadithi ya nani alisema nini. Aliandika suala lililoulizwa, mapendekezo yaliyotolewa, uamuzi uliofikiwa, na kwa kila uamuzi jina la mtu atakayeutekeleza na siku atakayomaliza. Msomaji aliyewahi kukaa katika kamati ya chama cha ushirika au ya shule analijua lile fungu la yatokanayo na kumbukumbu za mkutano uliopita, fungu ambalo watu hulipitia huku wakipiga miayo. Hapo ndipo mradi ulipoendeshwa. Kazi iliyoahidiwa juma lililopita na haikufanywa ilionekana hapo, kwa jina na kwa tarehe, katika juma la tatu, wakati ambapo bado inatibika.

Na mapendekezo yaliyokataliwa yaliandikwa pia pamoja na sababu zake. Anayedhani huu ni urasimu afikirie kikosi ambacho katika juma la kumi kinaanza upya kujadili jambo lililokwisha kuamuliwa juma la nne, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kwa nini njia ya pili iliachwa.

Mazungumzo ya baina ya mikutano yalipitishwa katika mbao za matangazo za kielektroniki, kila kikosi na ubao wake, wazi kwa kusomwa. Jambo hili lilizaa elimu isiyotazamiwa. Mwaka 1998 Bruegge na Dutoit walichapisha makala juu ya kupima maendeleo ya mradi kwa kuyachunguza mawasiliano yake, na hoja yao ina nguvu: msimbo wa programu hupatikana umechelewa, wakati mwingi wa muhula umekwisha kupita, ilhali maneno hupatikana tangu siku ya kwanza. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi faida yake ni kubwa. Hawezi kuhudhuria kila mkutano wala kusoma kila mstari wa programu, lakini anaweza kuona kwamba vikosi viwili vinavyopakana havijaandikiana neno kwa majuma mawili. Na ukimya huo, kwa anayejua kuusoma, ni dalili ya hatari kuliko ugomvi.

Mwaka 1997 Bruegge alihamia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, na baadaye wanafunzi wa miji hiyo miwili walifanya mradi mmoja kwa ajili ya Daimler-Benz, wakitenganishwa na bahari na saa sita. Tangu 2008 somo la Munich lilichukua sura nyingine. Lilianza kutengeneza programu za simu za iPhone, likakua hata kufikia wanafunzi kama 100 kwa muhula, na badala ya mradi mmoja wa darasa zima ikawa miradi kumi na zaidi, kila mmoja na mteja wake kutoka katika viwanda. Kila kikosi kina kiongozi aliye mwanafunzi wa udaktari, na mlezi aliye mwanafunzi aliyekwisha kulipita somo lilo hilo katika muhula wa nyuma. Katikati ya muhula kila kikosi husimama mbele ya wateja kueleza usanifu wake, na mwishoni husimama tena kukabidhi kazi.

Mpango wa walezi naupenda kuliko wote, maana unatatua kwa pamoja upungufu wa walimu na usahaulifu wa chuo. Kijana aliyeumia muhula uliopita kwa kuunganisha sehemu siku ya mwisho hahitaji kuandikiwa mwongozo. Atawakumbusha wenziwe waunganishe kila siku, nao watamsikia kuliko wanavyomsikia profesa. Hata hivyo nasema wazi kwamba katika kuligawa somo kuwa miradi mingi kuna kilichopotea. Kikosi cha watu wanane chenye mteja wake kina njia 28 tu, na watu wema wanaweza kuziendesha kwa urafiki, bila mipaka iliyoandikwa. Kilichofundishwa Pittsburgh, yaani kutegemea kazi ya watu usiowajua vizuri na kuwa na ahadi nao juu ya karatasi, hakipatikani kwa urahisi hapo. Faida ya Munich ni usalama: mradi mmoja ukianguka, mingine husimama, na muhula wa wanafunzi 100 hauharibiki kwa kosa moja la mchoro.

Kama ningeulizwa ipi nichague, ningechagua ya Pittsburgh kwa darasa la wanafunzi 30 au 40, na ya Munich kwa darasa linalopita hapo. Nawasihi walimu wenzangu wanaokusudia kujaribu waanze na vitu viwili visivyohitaji fedha: mteja mmoja wa kweli, atafutwe na akubali miezi mitatu kabla ya muhula, na daftari la kumbukumbu za mikutano, ambamo kila uamuzi una jina na tarehe, na ambalo mwalimu mwenyewe atalisoma kila juma bila kukosa.