Ukimya Usiofariji: Juu ya Albamu ya Spirit of Eden na Sifa Zake

Mhakiki wa muziki hutakiwa kupima mambo mawili: kazi yenyewe, na sifa ambazo kazi hiyo imejipatia. Makala haya yanakusudia kuyapima yote mawili katika albamu ya Spirit of Eden, yaani Roho ya Edeni, iliyotolewa Septemba 1988 na kundi la Kiingereza liitwalo Talk Talk. Tunaileta mbele ya wasomaji wa jarida hili kwa sababu wapenzi wake, hata wasiodai kuwa na imani yoyote, huisifu kwa msamiati wa kanisani: huiita takatifu, huilinganisha na sala. Mtheolojia asikiapo maneno yake yakitumiwa na wengine, hana budi kuuliza yamebeba maana gani.

Talk Talk walianza mwaka 1981 kwa kupiga muziki wa pop wa vinanda vya umeme. Albamu yao ya 1986, The Colour of Spring, iliuzwa vizuri, na kwa sababu hiyo kampuni ya EMI iliwaachia uhuru mkubwa katika kazi iliyofuata. Mwimbaji Mark Hollis na mtayarishaji Tim Friese-Greene waliingia katika studio ya Wessex, London, jengo ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa kanisa. Huko walifanya kazi kwa miezi mingi karibu gizani, pamoja na fundi wa sauti Phill Brown. Walialikwa wapigaji wengi, miongoni mwao mpiga fidla Nigel Kennedy na mpiga besi Danny Thompson. Wakapiga kama walivyojaliwa, kisha sehemu kubwa ya yaliyorekodiwa ikatupwa. Kilichosalia ni nyimbo sita, dakika zipatazo 41.

Upande wa kwanza wa santuri nyimbo tatu zimeunganishwa kuwa mwendo mmoja. Tarumbeta husikika kwa mbali, kana kwamba mpigaji amesimama chumba cha pili. Muda mrefu hupita kabla gitaa halijaingia, na baadaye katika "Desire" ngoma hupasuka kwa kishindo na kunyamaza tena. Sokoni albamu ilifika nafasi ya 19 Uingereza, haikudumu. Kundi na kampuni wakafikishana mahakamani juu ya mkataba, na albamu ya mwisho, Laughing Stock ya 1991, ikatolewa kwingine. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Mhakiki Simon Reynolds alipolieneza mwaka 1994 jina la posti-roki, yaani muziki unaotumia ala za roki kwa makusudi yasiyo ya roki, wengi waliitazama Spirit of Eden kama chimbuko mojawapo.

Je, wapenzi wake wanasifu nini? Hasa wanasifu ukimya. Humshauri msikilizaji mpya azime taa, akae peke yake, asikilize toka mwanzo hadi mwisho bila kukatiza. Ushauri huo una busara. Kazi hii haiwezi kusikilizwa nusunusu, na anayeitumia kama kelele za nyuma ya mazungumzo hatasikia kitu. Tena Talk Talk hawakuzipiga nyimbo hizi jukwaani hata mara moja, maana waliacha maonyesho mwaka 1986. Hivyo wapenzi wa albamu hii hawakupata kukusanyika mbele ya wapigaji. Kila mmoja alikutana nayo chumbani mwake. Wengi wao hushuhudia kwamba humo walipata utulivu, na si kazi yetu kuwakatalia.

Hata hivyo, neno "utulivu" linapaswa kuchunguzwa. Kitovu cha albamu ni wimbo wa tano, "I Believe in You". Ni wimbo mzuri kupita yote, na ndiyo sababu ni rahisi kutousikia. Hollis mwenyewe alieleza kwamba unahusu heroini na watu aliowaona wakiharibiwa nayo. Mwimbaji hahubiri wala halaumu. Anasimama kando ya mtu anayeangamia, asiyeweza kumwokoa. Kisha inaingia kwaya ya Kanisa Kuu la Chelmsford, nayo haimjibu kwa maelezo. Inaimba tu pamoja naye. Msikilizaji anayefikia hapo akasema amepumzika, huyo amesikia sauti, lakini hajasikia jambo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na sifa zilizozoeleka. Ukimya wa mtu aliyezima taa ili apumzike ni kitu kimoja. Ukimya wa rafiki zake Ayubu, walioketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno, ni kitu kingine. Hao walikosea walipofumbua vinywa. Siku zile saba hawakukosea. Spirit of Eden, kwa maoni yetu, ni ya ukimya huu wa pili. Nafasi zilizoachwa wazi kati ya sauti na sauti ni nafasi za kuketi na aliyevunjika. Wapenzi wanaoigeuza kuwa mto wa kulalia wanaipunguza, ingawa wanadhani wanaitukuza.

Haki itendeke: sehemu ya kosa ni ya kazi yenyewe. Hollis huimba kama anayenong'ona, akimeza maneno kiasi kwamba msikilizaji makini hupotewa na maana. Uzuri wa sauti unafunika uchungu uliouzaa. Msanii anayetaka jirani yake akumbukwe hana budi kumtaja kwa sauti inayosikika.

Basi watumishi wa kanisa waipokeeje? Wasiinyakue, wakamfanya Hollis, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 64, kuwa mwinjilisti baada ya kifo chake. Jina la Edeni na kwaya ya kanisa kuu havitoshi kuwa ungamo la imani. Wala wasiitupe kwa kuwa imetoka katika muziki wa kidunia. Na itupime sisi pia. Ni mara ngapi mchungaji huingia nyumba ya msiba, au nyumba yenye kijana aliyetekwa na dawa za kulevya, akaanza kunena kabla hajaketi? Tunaogopa ukimya, tukidhani utaonekana kuwa upungufu wa imani. Wanamuziki hawa walirekodi mengi na kuthubutu kuyatupa, hata kilichobaki kikawa na uzito. Mhubiri naye ajifunze kutupa maneno yake mengi kabla hajabisha hodi, ili atakapoketi, aliyevunjika asikie kwamba mtu amefika.