Kupika na Kupiga

Siku ya Ijumaa Kuu tulikuwa kanisani, na msomaji akasoma Mateso ya Bwana wetu. Alipofika kwa askari na makofi yao, tukasikia wazi: "wakampika". Watoto wa benchi la mbele wakacheka. Wazee hawakucheka, hata hawakusikia kosa, maana nyumbani wanasema vile vile.

Hapa Lubumbashi neno moja linabeba kazi mbili. Mama anapika bukari na sombe. Kijana naye "anapika" ngoma. Na mtoto analia kwamba mwenzake "amenipika". Sababu yake si ujinga. Katika Kibemba sauti ya g haisikiki peke yake, ila baada ya n tu. Watu wengi waliokuja kwa kazi ya migodi walileta masikio ya lugha zao, wakaiacha g, wakashika k. Kwa hiyo hatupendi kuona mtoto anaadhibiwa kwa neno hilo.

Lakini kupika kwenyewe ni neno la zamani, lenye ukoo wake. Wabemba wanasema kuipika, Washona kubika, Wazulu ukupheka. Shina ni moja, la Kibantu, wala hatukuliazima kwa Waarabu kama wengine wanavyodhani. Ndugu zetu wa Kasai wanashika shina lingine, kulamba, sawa na kolamba ya Lingala, na Wanyarwanda wanasema guteka. Maana ya kupika ni pana: kuchemsha na kukaanga zimo ndani yake, na hata pombe inapikwa. Tena limezaa mpishi na mapishi, ambamo k imegeuka kuwa sh. Kupiga limezaa pigo na mpigaji. Hatujasikia bado mpiga ngoma akiitwa mpishi!

Wengine watatujibu: maana inajulikana, mnasumbuka bure. Jikoni, ndiyo, inajulikana. Lakini kanisani anakaa pia mgeni wa Bukavu, ambaye kwake kupika ni kazi ya chungu na moto tu. Naye anasikia kwamba askari walimpika Bwana. Pale ndipo tunapokataa. Msomaji asome maandiko yake kwa sauti nyumbani, mara mbili tatu, mbele ya mtu atakayemsahihisha. Na wanaoandika matangazo ya parokia nao waangalie: juzi tulisoma mlangoni saa ya "kupika kengele".