Kimea Kwanza, Pombe Baadaye

Anayetaka kumpima mpika pombe wa Mwanhuzi asianze na kata. Aombe kwanza kimea. Achukue punje chache za mtama ulioota ukakauka, atafune polepole. Kimea kizuri huvunjika kikavu, kisha utamu huanza kuja kidogokidogo, na kwa mbali harufu ya bisi. Kikinata menoni, hakijakauka. Kikinuka gunia bichi, pombe imeshaharibika kabla moto haujawashwa.

Huku Meatu ni nchi kavu, nchi ya pamba, ng'ombe na mtama. Mtama mweupe ni wa ugali. Wa pombe ni mwekundu, wenye tanini chungu kwenye ganda, kiasi kwamba ndege kweleakwelea akipata mweupe karibu huupita huu mwekundu. Kigezi, Uganda, mtama wa namna hii hulowekwa kwa majivu ili ukakasi upungue. Mimi napenda ubaki kidogo. Pombe isiyoshika ulimi ni uji uliochangamka.

Kuotesha ndiko kunakotaka subira. Mtama hulowekwa, huchujwa maji, hutandazwa na kufunikwa kwa gunia, hunyunyiziwa na kugeuzwa usichemke wenyewe kwa wenyewe. Ukikatishwa mapema, vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari havijatosha. Ukiachwa sana, mche umeula wanga wote. Na kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe akivamia mtama mchanga anaweza kufa, kwa sababu machipukizi yake hutoa sianidi. Ndiyo maana kimea hukaushwa juani mpaka kilie, kikafikichwa viganjani na kupepetwa mpaka vijimizizi na vichipukizi viishe. Mpika pombe anayeruka hatua hii kwa haraka ya wateja, mimi simnywei.

Waskoti nao huanzia hapohapo, ila kwa shayiri. Hesabu za hazina ya mfalme wao za 1494–95 zinamtaja mtawa John Cor, aliyepewa kimea atengeneze kinywaji kikali. Leo wiski wanayoiita single malt lazima itokane na kimea cha shayiri tupu, itoke kiwanda kimoja, ilale kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3. Kisiwani Islay kimea hukaushwa kwa moshi wa mboji, na moshi huo hubaki kwenye glasi miaka mingi baadaye. Wajuzi wake hunusa kwanza, wakadondoshea maji kidogo, wakanusa tena. Sina ugomvi nao. Lakini wao wana muda: wiski ikishaingia pipani hungoja. Pombe ya mtama haimngoji mtu.

Tena shayiri ni nafaka mpole. Wanga wake hulainika kwenye nyuzi 60 na kitu, joto ambalo vimeng'enya vya kimea bado vinalistahimili. Wa mtama hutaka kama 70 na zaidi, na hapo vimeng'enya vinakufa. Kwa hiyo unga hupikwa kwanza peke yake uwe uji mzito, ukaachwa upoe, ndipo kimea kilichosagwa kiingie. Upoe kiasi gani? Mama mpika pombe hana kipimajoto. Huchovya ncha ya kidole: kikiruka mara moja, bado, kikivumilia kidogo ndipo kiruke, tayari. Akikoroga, mwiko uliokuwa unasimama wenyewe huanza kulegea, uji ukawa mwembamba bila tone la maji kuongezwa. Onja hapo. Uji uliokuwa hauna ladha umekuwa mtamu, na sukari hakuna aliyetia.

Baada ya hapo kazi ni ya chachu, ya chujio na ya usiku mmoja au mbili. Kata ikifika, usiifyonze kwa pupa. Uchachu hutangulia, kama wa mtindi. Nyuma yake nafaka. Mwisho ule ukakasi wa ganda jekundu unaokausha pembe za ulimi na kukufanya utake funda jingine. Asubuhi bado ina utamu mwingi, karibu na togwa. Jioni imekuwa kali na wengi huingojea saa hiyo, nami nawaona wamechelewa, maana kimea hakisikiki tena, kumebaki uchachu na kichwa kizito cha kesho. Saa yake ni mchana, povu likiwa bado linapanda.