Fungu na Lumbesa: Kusoma Maumbo ya Soko

Kwenye magenge ya Mandewa, Manispaa ya Singida, bidhaa haimwagwi tu mezani, hupangwa. Tazama fungu la nyanya: tatu kubwa chini zimebanana, ya nne juu, upande wake mwekundu umemgeukia mpita njia. Yenye kovu nayo imo, ila kovu limelazwa chini. Mnunuzi mzoefu hulisoma umbo hilo kabla hajauliza bei. Huinua ya juu, hugusa ya chini, ndipo anasema, "Hii imebonyea, dada, nibadilishie."

Uzuri wa fungu ni kwamba bei hukaa palepale, umbo ndilo linalocheza. Nyanya zikijaa, fungu la shilingi 500 hubeba tano au sita. Zikiadimika, bei ni ileile lakini zimebaki tatu, tena ndogo. Muuzaji hana haja ya kutangaza kwamba vitu vimepanda, maana meza imeshasema. Kisha huja nyongeza, pilipili moja au kitunguu kidogo kinachotupiwa kwenye mfuko baada ya pesa kupokelewa. Bila hiyo mauziano huwa kama ubeti uliokosa kituo.

Kule Tashkent, chini ya kuba la buluu la soko la Chorsu, viungo hurundikwa vichuguu virefu vya rangi, kisha huchotwa na kupimwa kwenye mizani. Rundo lile kazi yake ni kuita macho. Fungu la Mandewa linaita macho na papo hapo ndilo kipimo, kwa hiyo kiasi chake hakifichiki.

Lumbesa ni kinyume chake kabisa. Singida ni mkoa wa vitunguu, na soko la Misuna, mjini hapohapo, huvuta wanunuzi hadi wa nchi jirani. Katika biashara hii ya mazao, gunia likishajaa hadi mdomoni hujengewa kilemba juu, kikashonewa kwa kamba. Ukilitazama kwa mbali unahesabu gunia moja, na mkulima naye hulipwa bei ya gunia moja. Kilemba kile, ambacho ni jasho la matuta kadhaa, hakina bei. Ushuru na nauli vikitozwa kwa idadi ya magunia, mchuuzi ananufaika tena na tena kwa umbo lilelile.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imeikataza lumbesa, na ukomo wa gunia ni kilo 100. Bado inashonwa. Kwangu mimi huu ni wizi uliopewa umbo, na umbo lenyewe limezoeleka kiasi kwamba wengi hawalioni tena. Anayelijua vizuri ni mbebaji anayeinama chini ya gunia hilo kulipandisha kwenye lori, naye pia hulipwa kwa gunia, si kwa kilo.