Mwindo mbinguni: karisi ya Wanyanga na kuzaliwa kwa dunia

Kila mara tunapozungumza juu ya mila, swali moja linarudi: wazee wetu walijua nini juu ya kuzaliwa kwa dunia, jua na nyota? Tunasikia majibu mawili. Wamoja wanasema: "Babu zetu walijuaka yote, wazungu walikuja kuandika tu." Wengine, zaidi vijana waliomaliza sekondari, wanajibu: "Zile ni hadisi za kulalisha batoto." Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yanapoteza njia. Tutajaribu kuonyesha hilo kwa kusoma kazi moja kubwa ya kwetu, karisi ya Mwindo.

1. Kazi yenyewe

Karisi ni masimulizi marefu ya kuimbwa ya Wanyanga, watu wa msitu wa Walikale katika Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956, muzee Candi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza mbele ya watu kwa siku 12. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, aliandika maneno yake, akisaidiwa na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga wenyewe. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza. Njo sababu wengi kwetu wanalijua jina la Mwindo lakini hawajakisoma.

Kwa ufupi: mwami Shemwindo anakataza wake zake kuzaa watoto wanaume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, na baba anajaribu kumuua: kwa mkuki, kwa kumzika, kwa kumfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anapona na kukimbilia kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye anamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, anamshinda, anamrudisha, wanagawana utawala. Kisha anaua joka Kirimu. Joka lile lilikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anashuka, anambeba Mwindo mpaka juu mbinguni.

2. Kile karisi haisemi

Tusome mwanzo wake kwa uangalifu. Rureke anaanza na mwami katika kijiji chake cha Tubondo. Milima iko, mto uko, mbingu iko. Hakuna anayefinyanga dunia wala anayewasha jua. Mtu anayetafuta humu kuzaliwa kwa dunia atarudi mikono mitupu.

Basi, mbinguni kuko nini? Kuko baraza. Mwindo anafikishwa mbele ya Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, na kila mmoja anamkemea kwa kiburi chake. Mvua inampiga, Jua linamchoma, na hakuna wa kumtetea. Anakaa kule mwaka mzima. Anaporudishwa, amekatazwa kuua mnyama yeyote, na anawapa watu wake mashauri. Moja ni hili: mpokeeni kila mtoto anayezaliwa, mwanamume ao mwanamke. Ni kosa lile lile la Shemwindo, linalotengenezwa mwisho wa safari.

Hapa njo tunaona ukubwa wa Rureke. Mwingine angemaliza kwa ushindi juu ya joka, watu wapige vigelegele, wakwende kulala. Yeye anamchukua mshindi na kumfanya mshitakiwa. Jua na mwezi katika karisi si vitu vya kupima, ni waamuzi. Anayegeuza baraza lile kuwa somo la sayansi anafikiri anawaheshimu wazee. Kumbe anawakalisha kwenye dawati wangoje pointi za mwalimu mwingine. Kama thamani ya babu ni kukubaliana na kitabu cha wazungu, basi babu amebaki mwanafunzi tu.

3. Kile sayansi inasema, na inakijua namna gani

Sayansi inasimulia jambo lingine kabisa. Zaidi ya miaka miliari 4,5 iliyopita, wingu la gesi na vumbi lilianza kujikusanya kwa uzito wake lenyewe. Kadiri lilivyojikaza, lilizunguka kwa haraka zaidi, likawa bapa kama ungo. Katikati likazaliwa jua, ambalo lilichukua zaidi ya 99% ya uzito wote. Katika mabaki, vumbi lilishikamana kuwa mawe, mawe yakagongana na kuungana kuwa makubwa kama milima, na hayo yakawa sayari. Karibu na jua joto lilikuwa kali, barafu haikuweza kubaki; njo maana dunia yetu ni ya mawe na chuma. Mbali, kwenye baridi, zikatokea kubwa kama Jupiter. Juu ya mwezi, wataalamu wengi wanafikiri ulitokana na mgongano wa dunia ikiwa bado changa na sayari nyingine yenye ukubwa kama wa Mars. Wazo la wingu lenyewe si la jana: Kant aliliandika mwaka 1755, Laplace mwaka 1796.

Na miaka ile, nani aliihesabu? Urani, ile tunayoijua kutoka Shinkolobwe kule Katanga, inageuka polepole sana kuwa plombe: nusu yake inahitaji karibu miaka miliari 4,5. Kwa kulinganisha urani na plombe ndani ya jiwe, mtu anaweza kuhesabu umri wake. Mwaka ule ule wa 1956, Rureke alipokuwa akiimba Walikale, Mmarekani Clair Patterson alichapisha hesabu yake. Alikuwa amepima plombe ya mawe yaliyoanguka kutoka angani, akapata miaka miliari 4,55. Vipimo vilivyofuata havikuihamisha sana.

Lakini shule yetu nayo tunaikosoa. Mara nyingi mwalimu anaandika kwenye tablo: "Dunia iko na miaka miliari 4,5." Mwanafunzi ananakili, na siku ya mtihani anairudisha vile vile. Hakuna aliyeuliza: tunajua namna gani? Sayansi inayofundishwa hivi inakuwa hadisi, tena hadisi mbaya, juu haina hata wimbo wa kuitikia.

4. Moto wa chini

Kuko mahali pamoja ambapo masimulizi haya mawili yanakaribiana. Kwa Wanyanga, mungu wa moto Nyamurairi anakaa katika nchi ya volkano, na jina lake tunalisikia katika mlima Nyamulagira. Sayansi nayo inasema chini kuko moto: karibu nusu ya joto la ndani ni mabaki ya kuzaliwa kwa dunia, na nusu nyingine inatoka kwa urani, toriumu na potasiumu zinazogeuka ndani ya mawe.

Mtu atasema: "Munaona, walijua!" Hapana. Waliona, wakaupatia ule moto bwana wake na jina. Kuona vizuri ni jambo kubwa, lakini si sawa na kujua joto lile limetoka wapi.

Tofauti hii si mchezo wa wasomi. Nyiragongo ilitapika tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 1977 ziwa lake la lava lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Na baada ya msiba wa namna hii tunasikia watu wakitafuta mkosaji, na mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa bibi mzee asiye na mtetezi. Lava haitafuti mkosaji. Inapita katika nyufa na kufuata mteremko. Joto lake lilikuwako kabla ya mtu wa kwanza kuzaliwa. Anayemshitaki bibi yule asijifiche nyuma ya mila, maana karisi inamshinda: ndani yake, anayeitwa mbinguni kuhukumiwa ni mwami, mwenye nguvu zote, si mjane.

5. Kumaliza

Tunaomba mambo mawili. Walimu wa jiografia na fizike wafundishe njia ya kuhesabu, si hesabu peke yake. Na wale wanaoweza, wakwende kwa wazee ambao bado wanajua karisi, wawaandike kwa Kinyanga chao, bila kuongeza ndani maneno ya maabara. Mwanafunzi wa Walikale anaweza kuzibeba elimu zote mbili. Akitaka kujua jiwe liko na miaka ngapi, apime plombe. Akitaka kujua mwami aliyeshinda anapaswa kuishi namna gani na watu wake, amsikilize Rureke.