Mfuata Mvua Uwanjani: Kuusoma Uonevu wa Shuleni katika Chozi la Heri

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, chukua mwongozo wowote wa Chozi la Heri ulio karibu nawe, utafute tukio la Ridhaa akiwa mtoto mgeni shuleni. Aghalabu utalikuta chini ya maudhui ya ukabila, katika sentensi moja au mbili, kisha mwandishi wa mwongozo anakimbilia machafuko ya baada ya uchaguzi. Sipingi kwamba tukio hilo ni la ukabila. Ninachokipinga ni haraka hiyo. Katika kuliwahi lile kubwa, tunalipita jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili analielewa kutuliko sisi: mtoto yuko kando ya uwanja na wenzake wamekataa kucheza naye.

Riwaya hii ya Assumpta K. Matei ilichapishwa mwaka 2014 na ikatahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Baadaye iliipisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, lakini nakala zake zingali kwenye makabati ya maktaba zetu. Nadhani huu ndio wakati mwafaka wa kuisoma upya, maana sasa hakuna anayeisoma kwa kuwinda alama.

Tukumbushane kisa. Ridhaa ni daktari, mtu mzima, anayesimama penye magofu ya nyumba yake iliyoteketezwa pamoja na jamaa zake. Kwa mbinu rejeshi mwandishi anaturudisha utotoni mwake, wakati wazazi wake walipohamia katika eneo la watu wengine. Shuleni mtoto mmoja anamwambia kwamba hawataki kucheza naye, kwamba yeye ni 'mfuata mvua', na kwamba amekuja kuwashinda katika mitihani. Ridhaa anarudi nyumbani akilia, akiapa kutorudi tena. Mama anamliwaza, kisha siku ya pili anaandamana naye hadi shuleni na kuzungumza na mwalimu. Mwalimu anawausia wanafunzi kuishi pamoja, na Ridhaa anaendelea na masomo hadi kilele.

Ukilisoma tukio hili polepole utaona kwamba hakuna aliyepigwa. Hakuna damu wala nguo iliyochanika ambayo mwalimu wa zamu angeiandika kitabuni. Kuna jina tu, na mchezo ambao mtu amefungiwa nje. Hapa ndipo mwandishi alipopatia. Wengi wetu tukisikia 'uonevu' tunafikiria kofi, kuporwa nauli au kufulishwa soksi za mkubwa. Sheria yenyewe imekwisha kutupita: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kutendewa ukatili wa kimwili au wa kisaikolojia, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Kumtenga mtoto kwa jina la asili yake si jambo dogo la watoto.

Tulitazame jina lenyewe. 'Mfuata mvua' ni istiari. Humfanya mtu kuwa mithili ya mnyama wa mbugani anayehama kufuata malisho, asiye na kwao. Mtoto wa shule hakuitunga istiari hiyo. Ameisikia nyumbani, pengine wakati wa chakula, akaibeba pamoja na madaftari yake. Mtahiniwa aliyeulizwa athari ya mbinu za lugha angeweza kupata alama nzuri kwa kulieleza hili tu: uonevu wa watoto mara nyingi ni msamiati wa watu wazima uliopelekwa uwanjani.

Wewe unayefundisha Likoni, Kisauni au Changamwe huhitaji kuelezwa uzito wa msamiati huo. Kwetu neno ni 'mbara'. Kuna kichekesho ndani yake, kwa kuwa ukitazama kutoka kisiwani, sisi sote tulio ng'ambo ya kivuko na madaraja tuko bara. Lakini mtoto wa Likoni akimwita mwenzake 'mbara' hazungumzi jiografia. Anamwambia kuwa wazee wake walikuja. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika siku zilizofuata waliouawa, waliochomewa na waliofukuzwa walikuwa hasa watu wenye asili ya bara. Wengi walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni wakapiga kambi pale. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, ilichunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya nchi nzima. Wanafunzi wetu wa leo hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Neno, hata hivyo, wamelirithi.

Nalo halielekei upande mmoja. Wapo watoto waliotoka bara wanaowaita wenzao Wadigo na Wagiriama wavivu, nao hulitamka kama mzaha. Kwetu Pwani tuna utani, na utani una heshima zake: watani wanajuana, na kila mmoja ana haki ya kujibu. Ridhaa hakuwa na haki hiyo, maana alikuwa peke yake. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wakiniambia, "Mwalimu, tulikuwa tunatania tu."

Kwa mwalimu wa Kiswahili jambo hili liko karibu zaidi kuliko anavyopenda kukiri. Somo letu ndilo linalotoa nafasi nyingi za kucheka watu. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi /r/ na /l/ husimama kusoma kifungu, 'kula' ikawa 'kura', na darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu akitabasamu, kicheko kimepata kibali. Isimujamii tunayoifundisha katika darasa hilohilo inaeleza athari ya lugha ya kwanza bila kumdhalilisha mtu. Inafaa tuitumie hapo hapo, palepale kicheko kinapoanza.

Turudi kwenye mitihani, maana wivu wa yule mtoto una chanzo. Anamwogopa Ridhaa kwa kuwa atamshinda. Shule nyingi hubandika orodha ya nafasi ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, na nyingine huisoma gwarideni. Sina hakika kwamba orodha hiyo imewahi kumfanya wa mwisho awe wa kumi. Najua kwamba humwambia kila mtu ni nani wa kuchukiwa na ni nani wa kudharauliwa.

Sasa nije penye udhaifu wa riwaya. Mwalimu wa Ridhaa anazungumza na darasa, na kwa kauli hiyo moja mambo yanatengemaa. Hatusikii alisema nini hasa. Yule mtoto hana jina na hatumwoni tena. Wale waliosimama kimya na mpira wao hawaulizwi lolote. Kama mhakiki, naiona njia hii kuwa ya mkato. Kila mwalimu aliyewahi kutoa nasaha gwarideni anajua kwamba anayeonewa mara nyingine huadhibiwa zaidi jioni, njiani kwenda stejini, kwa kosa la kusema. Mwandishi anaamini sana nguvu ya nasaha.

Lakini kuna jambo linalonifanya nisite kumlaumu. Kisa hiki tunakisoma tukiwa tumesimama na Ridhaa kwenye magofu, na aliyeongoza kuichoma nyumba ni Mzee Kedi, jirani yake. Msuko wa riwaya wenyewe unaikanusha ile tamati nyepesi ya shuleni. Darasa lilisuluhishwa, kijiji hakikusuluhishwa. Sijui kama Matei alikusudia kinaya hicho, ila kimo katika matini, na mtahiniwa anayekiona ameusoma ukurasa wenyewe na si mwongozo.

Kuna uonevu mwingine ambao riwaya hii haiugusi, ule wa vyeo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule za bweni huitwa 'mono', na kuna wakubwa wanaohesabu kumtesa kuwa mila. Mwaka 1999 katika Shule ya Upili ya Nyeri viranja wanne waliuawa kwa moto na wanafunzi wenzao walipokuwa wamelala. Mwaka 2017 taarifa za wanafunzi wachanga kupigwa na viranja zilizuka Alliance, na mwalimu mkuu akastaafu mapema. Katika vitabu teule nilivyofundisha sijakutana na bweni la namna hiyo likichorwa ipasavyo. Ni pengo. Ken Walibora katika Siku Njema (1996) alimpa mhusika wake mkuu jina la Kongowea, mahali tunapopajua sote kwa soko lake, na akatuonyesha ukatili anaotendewa katika nyumba anamolelewa. Natamani mwandishi mwingine aingie bwenini kwa ujasiri uleule.

Mtahiniwa, ukiulizwa swali la ubaguzi au malezi, usiishie kutaja kwamba 'Ridhaa alitengwa shuleni'. Eleza nani alifanya nini: aliyetoa jina, walionyamaza, mama aliyekwenda shuleni badala ya kumwambia mtoto alipize kisasi, mwalimu aliyesikiliza. Hoja nne zimo katika tukio moja, kila moja na ithibati yake.

Nawe mwalimu, ukiwa na vipindi viwili vya ziada, wape wanafunzi insha mbili. Ya kwanza ni ile hotuba ambayo riwaya haikutuandikia, maneno ya mwalimu wa Ridhaa kwa darasa lake. Ya pili isimuliwe na mtoto aliyekuwa ameshika mpira siku ile. Hotuba nyingi zitafanana. Ya pili ndiyo itakayokuonyesha darasa lako, kwa hiyo isome peke yako, na usimtake yeyote asimame kuisoma kwa sauti.