Gofu au Mahame: Nyumba Zilizoachwa katika Picha

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kupimia picha za nyumba za shamba zilizoachwa. Gofu hutaja jengo lililobomoka. Mahame, nomino inayotokana na kitenzi hama, hutaja mahali na papo hapo hukumbusha kwamba wapo waliopahama.

Picha nyingi za aina hii huonyesha magofu: paa lililobonyea, ghala lililoinama, mwanga wa jioni. Mtazamaji huvutiwa na uchakavu kana kwamba mbomoaji ni wakati peke yake.

Picha aliyoipiga Dorothea Lange katika Childress County, Texas, mwaka 1938, inaonyesha mahame. Nyumba ya mbao imesimama pweke, na matuta ya shamba yameisogelea hadi karibu na kuta. Ardhi haikuachwa, inalimwa. Walioondoka ni wakulima wapangaji, ambao nafasi yao ilichukuliwa na trekta. Anwani ya picha yenyewe huitaja trekta kuwa ndiyo iliyowaondoa. Picha hiyo ikitundikwa bila anwani, hugeuka gofu jingine la kupendeza. Ndiyo maana kitabu alichokitoa Lange pamoja na Paul Taylor mwaka 1939 kiliziambatanisha picha na kauli za wahamaji.

Hata hivyo, neno mahame nalo lina upungufu, kwani kuhama si kuhamishwa. Mhakiki anayesifu mwanga na mpangilio bila kuuliza nani alihamishwa, na nani aliyemhamisha, amehakiki kuta tu.